Makopo Arobaini na Moja

2 Machi

Chiriku wangu,

Mimi mzima, kaka yako mzima, mashaka yote yako kwenye miguu yako, maana viatu ulivyoondoka navyo ni vya kutembelea mjini, si vya mlimani. Tangu lile gari la kikosi cha vijana likuchukue zimepita wiki mbili na siku tatu, na sijakaa kitako nikatulia. Nafagia darasa la kwanza, nikimaliza najikuta nalifagia tena. Juzi niligonga kengele ya shule dakika kumi kabla ya saa. Watoto wakatoka mbio, Mwalimu Mkuu naye akatoka na kalamu sikioni. "Mama, kuna moto?" Nikamjibu, moto uko hapa kifuani, mwalimu. Kitindamimba wangu yuko mlimani anaotesha msitu. Akasema hongera. Kengele hakuitaja tena.

Watu wanakuulizia sana. Jirani yetu mshona viatu kauliza mara mbili, na mara ya tatu hakuuliza, nilimweleza tu. Nimewaambia kwamba vijana walioomba walikuwa mia nne, wakachukuliwa thelathini, na jina lako lilikuwa la pili kutoka juu. (Najua halikuwa la pili. Usinijibu hilo kwenye barua, barua zinasomwa na watu.)

Jumapili alikuja mama mkwe wa kaka yako. Si unamjua? Alianza habari za mwanawe daktari tangu mlangoni, akazipitisha sebuleni, akakaa nazo. Daktari kasema hivi, daktari kanunua vile. Nikamsubiri apumue. Alipopumua tu nikasema: "Mkwe, daktari anatibu mtu mmoja mmoja. Wa kwangu anapanda msitu, msitu unatibu nchi nzima." Akanywa chai yake mpaka chini.

Sasa usiniangushe. Maneno matupu watu huyachoka. Nitumie kitu cha kazi yako, kitu cha kushika mkononi, wakione kwa macho.

Mwaka ni mrefu, mwanangu. Ukichoka, kitanda chako hakuna aliyekilalia.

Mama yako mzazi, anayejidai kidogo tu


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika na gari la chakula. Linakuja mara moja kila wiki mbili, linashusha magunia na mitungi ya gesi, linapakia barua, linaondoka. Simu hapa hazishiki hata ukisimama juu ya jiwe.

Niko salama. Tunalala kwenye mahema manane. Tunaamka kabla ya jua na kupanda mteremko saa nzima kabla hatujagusa kazi. Malengelenge ya viganjani yalitoka, yakapasuka, yakatoka mengine, na sasa mikono yangu ni migumu kama soli za jirani yetu. Msimamizi wetu ni mtu mfupi asiyepiga kelele. Kila jioni anahesabu majembe na sururu, akimaliza ndipo anatuhesabu sisi.

Kazi yetu ni ya mimea. Iko mingi. Kuna mmoja unatambaa na kupanda juu ya miti, una maua ya zambarau. Ukichanua mteremko mzima utadhani mtu kaanika mashuka. Nimekutumia maganda yake matatu ndani ya kitambaa. Waoneshe hao watu wako. Yaweke kabatini ndani ya glasi, yanapendeza.

Naandika nimesimama, dereva keshawasha gari.

Mwanao, Chiriku


3 Aprili

Chiriku,

Kabatini? Mbegu ya mwanangu ikae kabatini ndani ya glasi kama meno ya bandia? Wewe ulizaliwa na nani?

Nimezipanda! Shule imepakwa rangi mpya, makopo yakabaki yamerundikwa nyuma ya choo, nikayaomba. Mwalimu Mkuu akasema chukua yote. Nikayasugua, nikayatoboa matako kwa msumari, nikajaza udongo wa bustani ya shule. Tarehe ishirini na sita Machi nikapanda. Siku ya tano, mwanangu, siku ya tano tu, nikakuta vichwa vya kijani vimeinama kama watoto wanaosalimia. Leo viko arobaini na moja. Arobaini na moja! Mimi niliyewahi kuua hata vitunguu.

Usiku naamka kuviangalia kwa tochi. Nadhani ni kwa sababu usiku hakuna mwingine wa kuangalia. Nakuwa kama nakuangalia wewe.

Niandikie upesi: vinataka maji mengi au kidogo? Jua au kivuli? Na huko mmeshapanda ekari ngapi? Mshona viatu anauliza ekari, nami nimemjibu mia mbili ili anyamaze.

Mama yako, fundi bustani


17 Aprili

Mama,

Gari la wiki hii halikufika, mvua imekata barabara. Sijapata barua yako yoyote tangu ile ya kwanza. Hii tunaishusha kwa miguu, mimi na wenzangu watatu, mpaka kwenye lami, tumpe mtu wa pikipiki.

Nataka kukwambia jambo, tena kwa haraka kabla sijabadili mawazo. Siku ile nilipokutumia maganda, begi langu lilikuwa limefungwa. Nilishuka na barua mkononi na begi mgongoni mpaka kwenye kizuizi cha barabarani. Dereva akaniambia nafasi ipo, kati ya mitungi mitupu. Nikampa barua. Begi nikarudi nalo. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nadhani ni zile hadithi zako za vijana mia nne na thelathini waliochukuliwa. Niliwaza, nikishuka, Mama atawaambia nini watu?

Hapa sikai nikatulia. Nikiwa mteremkoni natamani hema, nikiwa hemani natamani nyumbani, nikikuota wewe naamka natafuta jembe.

Na Mama, si kila unachowaambia watu ndicho kilichopo huku. Nitakueleza siku nikikaa.

Chiriku


1 Mei

Chiriku wangu,

Ulifunga begi! Na ukalirudisha! Mjinga wewe, ungepanda hilo gari. Ningewaambia watu umekuja likizo maalumu ya waliofanya vizuri, nani angebisha? Nilisoma mstari ule nimesimama kwenye korido ya shule, ndoo ikanimwagikia miguuni. Lakini basi. Umebaki, na mimi nimeshawaambia kwamba mlikatiwa barabara mkaendelea kupanda miti bila chakula siku nne.

Sasa sikia habari za mbegu zako. Miche imekua mpaka ikaanza kushikana mikono. Nikasema haiwezi kukaa ndani, nyumba itageuka pori. Kumi na nne nimeipanga barazani shuleni. Mshona viatu kachukua miwili, kaipandisha kwenye nguzo za kibanda chake. Mwenyekiti wa mtaa kachukua mitatu. Wengine walikuja wenyewe kugonga mlango: "Mama Chiriku, tunaomba lile ua la mwanao." Ndivyo wanavyoliita, ua la mwanao! Natembea barabarani nasimamishwa kama mgombea.

Ule mmoja ulionona kuliko yote unajua nimempa nani. Nilipanda gari mbili nikaupeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama mkwe wa kaka yako. Nikamwambia, mkwe, daktari ameshawahi kukuletea kitu kinachoota? Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini kaupanda, nimeona kwa macho yangu, kwenye uzio wake kule nyuma, hatua ishirini kutoka kwenye bwawa la maji ya mji. Udongo mzuri sana pale.

Bado hujanijibu: maji mengi au kidogo?

Mama yako, ambaye sasa hivi hashikiki


16 Mei

Mama,

Barabara imefunguka. Barua zako mbili zimekuja pamoja na nimezisoma zote mbili nikiwa nimeshika mti.

Weka chochote ulichoshika. Kaa.

Sisi hatupandi. Tangu nimefika sijapanda hata mti mmoja. Tunang'oa. Kazi ya kikosi hiki ni kung'oa mmea mmoja, ule wa maua ya zambarau. Uliletwa zamani na mtu aliyeupenda kwa uzuri wake, ukatoka bustanini kwake ukaja mlimani. Unapanda juu ya miti na kuifunika mpaka inakufa imesimama. Mizizi yake inafuata maji. Chemchemi tatu za mlima huu zimekauka kwa sababu yake. Wenzangu wanauita Mgeni, na Msimamizi husema mgeni huyu hapewi jembe, anapigwa jembe.

Siku ya kwanza alitupanga mstari akasema kanuni ya kikosi ni moja: mmea huu hautoki mlimani. Atakayetoa hata ganda ataondoka. Nilisikia kwa masikio yangu, Mama, na bado niliyafunga yale maganda kwenye kitambaa. Wewe ulitaka kitu cha kushika mkononi, na mimi sikuwa na kitu kingine. Ningekuandikiaje kwamba binti aliyekuwa wa pili kati ya mia nne anang'oa magugu? Nikawaza utayaweka kabatini. Nilipaswa kukumbuka wewe ni nani.

Ng'oa, Mama. Yote. Usikate, chimba mpaka ncha ya mzizi. Usitupe mtaroni. Na ule wa bwawani kwa mama mkwe wa kaka kabla ya mingine yote.

Kesho asubuhi namwambia Msimamizi. Samahani kwa mwandiko.

Chiriku


24 Mei

Wewe,

Barua yako nimeisoma. Umenivua nguo sokoni.

Unataka niende nyumba kwa nyumba niwaambie nini? Kwamba ua la mwanangu ni gugu? Kwamba msitu wa ekari mia mbili ni uongo wangu na wako tumegawana? Mwenyekiti wa mtaa amelipiga picha! Ua langu halijamkosea mtu, limekaa kwenye kopo lake, linamwagiliwa. Sing'oi.

Na huyo mama mkwe wa kaka yako, heri nife.

Mama yako


27 Mei

Kwa Msimamizi wa Kikosi cha Vijana,

Bwana, mimi ni mama mzazi wa yule msichana mrefu anayeongea sana, mnayemwita Chiriku. Elimu yangu ni ya darasa la sita, kwa hiyo utanisamehe mwandiko, lakini kengele ya shule hii nzima naigonga mimi na haijawahi kuchelewa.

Nakuandikia kukueleza ukweli. Kosa la mbegu ni langu peke yangu. Mtoto alikataa. Nilimwandikia barua tatu za kumlazimisha, nikamwambia asiponitumia nitamlaani na maziwa niliyomnyonyesha. Mtoto gani angestahimili? Hakuwa na la kufanya. Huyu ni mtoto aliyetembea akiwa na miezi tisa, hajawahi kuiba hata sukari.

Kama kanuni yako inataka mtu wa kufukuzwa, nifukuze mimi. Nitaondoka mara moja hapa nilipo.

Pia nakujulisha kwamba nilikasirika siku mbili na siku ya tatu nikachukua jembe. Nimeanza na makopo yangu mwenyewe na ya barazani shuleni. Mwalimu Mkuu aliniuliza kulikoni, nikamwambia. Ni kama kumeza jiwe, lakini lilishuka. Mpaka leo jioni imeng'oka kumi na tisa kati ya arobaini na moja. Kama kuna barua yangu ya tarehe ishirini na nne kwa mwanangu haijafika, tafadhali iangukie motoni.

Wako mtiifu,
Mama wa Chiriku


8 Juni

Mama,

Nimepokea maungamo mawili ya kosa moja. Ya binti yako aliyatoa tarehe 17 Mei asubuhi, amesimama mbele ya wenzake wote. Yako yamekuja kwa posta. Hayafanani. Nimeyachukua ya kwake. Barua ya tarehe 24 ilifika siku moja na yako, na ameisoma.

Kanuni niliiandika mimi. Haikuandikwa ili watu waadhibiwe, iliandikwa ili mmea usitoke. Sasa umetoka, kwa hiyo lazima ufuatwe mpaka mche wa mwisho. Binti yako nimemwondoa mteremkoni nikamweka jikoni. Gari la tarehe 7 Julai likija na habari kwamba yote arobaini na moja imeng'olewa na mizizi yake, atarudishiwa jembe. Likija bila habari, au na habari ya arobaini, atashuka nalo akaufuate mwenyewe huo mmoja, na nafasi yake nitampa mwingine. Wanaosubiri ni wengi.

Maganda hupasuka wiki ya kumi na sita tangu kupandwa. Hesabu mwenyewe. Anika ulichong'oa juu ya bati, kikikauka choma.

Amesema pia kwamba aliogopa kukwambia kazi yetu ni ipi. Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Marehemu mama yangu mpaka anakufa alikuwa akiwaambia watu kwamba mimi ni mpima ardhi.

Msimamizi wa Kikosi


8 Juni

Mama,

Naosha masufuria ya watu thelathini. Nimechoka kwa kukaa kuliko nilivyowahi kuchoka kwa kupanda.

Barua yako ya hasira nimeisoma, na ile uliyomwandikia Msimamizi ameniruhusu niisome. Barua tatu za kunilazimisha! Maziwa ya kunyonya! Nilicheka mpaka nikalia ndani ya sufuria. Usidanganye tena kwa ajili yangu, Mama. Hujui, hata Msimamizi alikohoa ili asicheke.

Juzi jambo limetokea. Pale juu tulipong'oa mwezi wa tatu, pale nilipopasukia malengelenge, maji yametoka. Si mengi. Upana wa kiganja. Wenzangu walishuka mbio kuniita na mimi nikapanda na mwiko mkononi, nikakuta yamepenya kati ya mawe, yanateremka kana kwamba yalikuwa yanasubiri tu mlango ufunguliwe. Tulisimama tunayatazama, watu wazima thelathini.

Nilipokuja huku kila siku nilitaka kurudi. Sasa nikiwaza gari la tarehe saba nasugua sufuria moja mara tatu. Nataka kubaki. Sijawahi kukuomba kitu kigumu kama hiki. Najua nyumba iliyobaki ni ipi, na najua mlango ule kwako ni mlima kuliko huu wangu.

Mwanao, Chiriku


4 Julai

Chiriku wangu,

Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, na safari hii siongezi chumvi, chumvi imenitosha.

Ya mtaani ilikwisha mapema. Mwenyekiti wa mtaa alinuna, akang'oa mwenyewe usiku ili asionekane. Mshona viatu alisema nguzo zake zilikuwa zimeanza kuvutwa, akashukuru. Wapo walionicheka. Mtu mmoja dukani aliniuliza, "Mama Chiriku, na hiyo miti ya ekari mia mbili nayo inang'olewa lini?" Nikamjibu, inang'olewa ukishalipa deni la duka. Siku hiyo nilikula vizuri. Katikati ya mwezi wa sita nilikuwa na arobaini. Ukabaki ule mmoja.

Barua ya Msimamizi ilipofika niliiweka chini ya mto, ikakaa siku tatu. Sitakuficha nilikuwa nawaza nini. Niliwaza, nikinyamaza tu, sijamdanganya mtu, sijamkosea mtu, nimechelewa tu kidogo, gari litakuja tarehe saba na litaniletea mwanangu mpaka mlangoni. Wewe ungekwenda kwa mama mkwe wa kaka yako na jembe lako, ungeng'oa, ungerudi kulala kwenye kitanda chako. Aibu ningeikwepa na mtoto ningempata. Nilitandika kitanda chako, Chiriku. Nilibadilisha shuka. Nikaketi juu yake, na ile barua yako ya maji iko mfukoni, nikaisoma tena. Mwiko mkononi. Nikainuka. Yale maji upana wa kiganja yalinifukuza kwenye kile kitanda, sina maneno mengine.

Lakini kuinuka si kufika. Mara mbili nilikwenda mpaka kituo cha pili nikageuka. Mara ya kwanza nilisema mvua, mara ya pili nilisema kichwa. Jana sikuwa na la kusema. Nikafika.

Alikuwa barazani anachambua mboga. "Karibu mkwe. Umekuja kuniona mimi au kuona ua lako? Njoo utazame, limefunika uzio wote, mpaka wapita njia wanauliza."

Nikatazama. Limefunika kweli. Na maganda, mwanangu, yananing'inia, mengine yameanza kuwa ya kahawia. Jembe nilikuwa nimelifunga ndani ya gunia ili lisionekane kwenye gari. Nikalifungua.

"Nimekuja kuling'oa, mkwe."

"Zawadi yako? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nilikudanganya. Mwanangu hapandi msitu. Anang'oa magugu mlimani, na gugu lenyewe ni hili. Likimwaga mbegu zake kwenye bwawa, mji mzima utakosa maji."

Nilidhani atachukia. Heri angechukia! Aliweka mboga chini, akajifuta mikono pole pole, akaita ng'ambo ya ukuta: "Jirani! Hebu njoo. Mkwe wangu ana neno." Akanigeukia. "Rudia. Huyu hakusikia."

Nikarudia. Mwanangu anang'oa magugu. Masikio yanawaka moto.

Yule jirani akauliza magugu gani, kwa nini yang'olewe. Ikabidi nieleze. Nikaeleza jinsi linavyopanda juu ya miti ikafa imesimama, na mizizi inavyofuata maji, na mnavyoamka kabla ya jua, na viganja vyako. Mama mkwe wa kaka yako akamwita na mwanamke wa nyumba ya tatu, huyu naye asikie. Naye akaja na mtoto mgongoni. Nikaanza upya, na nilipofika kwenye ile chemchemi, ilikuwa imekauka, watu wamekwisha kuisahau, na mwanangu kwa mikono yake na jembe lake akaifungua ikatoka maji, nikajisikia sauti imepanda. Mgongo umenyooka wenyewe. Nilitazama pale barazani nikaona hakuna anayecheka. Yule wa mtoto mgongoni akauliza, "Na wa kike?" Nikasema, wa kike, tena mwembamba hivi. Wa nne alikuwa anapita tu na ndoo yake, huyo hakuna aliyemwita. Nilimwita mimi.

Mama mkwe wa kaka yako akanitazama, akasema, "Basi, mkwe, basi. Tumekuelewa." Na mimi ndiyo kwanza nimeanza.

Mzizi ulikuwa mrefu, umepita chini ya uzio unaelekea majini, hatua tisa nimehesabu. Mmoja hawezi, anachimba huku unakatika kule. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chake ananitazama ninavyohema. Baadaye akavua viatu. Sikumwomba. Akashika ule mzizi kwa mikono miwili akavuta, mimi nachimba, akateleza akakaa kwenye tope na kanzu yake nzuri, akasema neno ambalo sikujua kama analijua. Ulipotoka wote tuliubeba kama nyoka. Maganda tuliyachuma moja moja ndani ya gunia langu, hakuna hata moja lililopasuka, na kabla sijaondoka tulilichoma gunia lenyewe tukasimama hapo mpaka jivu likapoa.

Mwambie Msimamizi: arobaini na moja. Mizizi yote. Mashahidi ninao wanne, mmoja ana tope.

Barua hii naipeleka mwenyewe mpaka kwenye lami, nimpe dereva mkononi, siiamini posta. Kitanda chako leo nimeweka juu yake nguo za kupiga pasi. Nahangaika bado, usidhani nimepona, leo asubuhi nimegonga kengele mapema tena. Lakini gari likifika huko tarehe saba, mwanangu, mpe dereva barua tu. Begi liache hemani.

Mama wa mng'oaji